Samaki Niliyemshika Bila Ruhusa

Wiki tatu kabla ya safari ya pwani, kazi yangu ya jioni ilikuwa kuwa samaki.

Nilikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai, upande wa Kericho unaoelekea Sotik. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Meneja alikuwa Mwingereza aliyefiwa na mke, mtu mrefu, mwenye mgongo mbovu. Kila mwaka alikwenda likizo peke yake. Mwaka huo akaniambia nitafuatana naye, kwa kuwa nyumba aliyopanga Malindi haikuwa na mpishi.

Baada ya kuniambia hivyo alileta kiti cha kujizoezea uvuvi wa baharini. Fundi wa kiwandani alikuwa amekikaza kwa bolti kwenye ubao mzito, na ubao ukawekwa verandani. Bwana akakaa, miguu ameikaza ukutani, mikononi ana fimbo nene ya kuvulia yenye gurudumu la uzi. Ncha ya uzi aliifunga kwenye mkanda wa suruali yangu.

"Kimbia kama samaki," alisema.

Sikujua samaki anakimbiaje. Kwetu Wakipsigis siku zile samaki hakuwa chakula. Nilikuwa nikimpikia bwana wale wa mtoni, nikawapeleka mezani bila hata kulamba kijiko. Basi nilikimbia kama ndama aliyekata kamba. Nilishuka nyasi, nikaingia katikati ya mistari ya chai, uzi ukakaza, nikaanza kurudi kinyumenyume huku nikishika miche nisianguke. Uzi ulipolegea niligeuka na kukimbia tena. Wachumaji waliokuwa wakipeleka majani mizanini walisimama na vikapu vyao mgongoni, wakanitazama. Kesho yake mmoja wao aliniuliza kwa upole nilikuwa nimekosa nini. Nikamwambia hiyo ni kazi. Alikubali jibu hilo upesi kuliko nilivyolikubali mimi.

Tulipanda treni Kipkelion, stesheni ambayo wakati huo ilikuwa na jina jingine. Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma, na tulikutana tena Mombasa. Mambo mengi ya safari yamenitoka kichwani. Nakumbuka joto, na kwamba nilipoiona bahari mara ya kwanza nilitafuta ng'ambo yake, kama mtu anavyotafuta ukingo wa pili wa mto, na nilipoikosa nilihisi kizunguzungu nikakaa chini mchangani.

Bwana alikodi mashua ya injini kwa siku nne, pamoja na nahodha wake, Mswahili wa makamo asiye na maneno mengi. Nilidhani nitabaki jikoni, lakini bwana alitaka niwemo mashuani, nimfungashie chakula na kumshikia hiki na kile. Nahodha na mimi tulizungumza Kiswahili wote wawili, lakini hatukuelewana. Aliniambia niuangalie mshipi, nikajitazama kiunoni. Kumbe kwao mshipi ni uzi wa kuvulia. Hakunicheka. Alinyoosha kidole tu, nami nikaona aibu zaidi kuliko kama angecheka.

Siku mbili za kwanza tulivua upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, ambako maji ni ya kijani na mawimbi ni madogo. Bwana alipata kolekole wawili wakubwa wenye nguvu za ajabu. Alimtazama mmoja, akampapasa ubavuni, akamrudisha majini. Nilimwuliza nahodha kama samaki yule alikuwa mgonjwa. Akasema hapana, ni mzima. Nikauliza basi kwa nini tumemfuata tangu asubuhi. Nahodha akasema kwamba hata yeye alipoanza kazi hii aliuliza hivyo.

Siku ya tatu tulitoka nje ya mwamba. Nilitapika mpaka nikaona nitakufa, kisha nikazoea. Mashua ilikwenda polepole ikiburuta chambo nyuma, saa baada ya saa, na hakuna kilichotokea. Halafu nahodha akasema, bila kupaza sauti, "Sulisuli huyo." Nyuma ya chambo niliona kitu kama tanga jeusi kikiinuka majini. Fimbo ikapinda. Samaki akaruka, mrefu kuliko mimi, mdomo kama mkuki, akaanguka ubavu, akaruka tena.

Bwana alipigana naye akiwa kwenye kiti kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa mwekundu, kisha ukawa mweupe. Ghafla akatoa sauti fupi, mgongo ukakataa, mikono ikalegea. Fimbo ilianza kumtoka. Sikufikiri. Niliruka nikaishika.

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Kwa nini wewe nashika?" aliuliza.

Nikamwambia ilikuwa inakwenda majini.

"Sasa si samaki yangu," alisema.

Sikuelewa. Nilimwambia ninamrudishia fimbo, aichukue. Alitikisa kichwa, akafumba macho kwa maumivu. Nahodha alimsaidia kutoka kwenye kiti na kumlaza juu ya magunia. Nilibaki nimesimama na samaki wa watu mkononi, sijui nimwachie au nimvute, na kila mmoja akiningoja.

"Sasa samaki yako," bwana alisema kutoka pale chini. "Vuta."

Nikakaa kwenye kiti chake, jambo ambalo kule nyumbani nisingethubutu. Samaki alikimbia, nami nikamwachia. Alipochoka kidogo nilijua kabla fimbo haijainuka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimevutwa hivyo katikati ya chai, na nilikumbuka mahali mtu anapokata tamaa. Nilizungusha gurudumu. Vidole vilichubuka. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Nahodha alipomshika mdomo na kumwingiza mashuani, rangi ya buluu iliyokuwa mgongoni mwake ilififia tukiitazama. Nilitaka kucheka na nilitaka kuomba radhi, na sikujua nimwombe nani, bwana au samaki.

Ufukweni kulikuwa na Mzungu aliyeandika samaki wakubwa katika kitabu, uzito na jina la mvuvi. Alimpima wetu, akampongeza bwana. Bwana alikuwa amejiegemeza kwenye gari, hawezi kusimama sawa. Angeweza kunyamaza, maana nahodha na mimi tusingesema. Lakini alimwambia yule mtu kwamba fimbo ilishikwa na watu wawili. Kwa sheria yao mvuvi ni mmoja tu, na kitabu kikafungwa.

Jioni nilimwuliza nahodha samaki yule ni wa nani hasa.

"Kwa kitabu chao si wa mtu," alisema. "Kwa jikoni ni wetu."

Alimkatakata, akagawia watu wake, akanipa kipande kikubwa. Nilimpikia bwana, hakula. Nilionja mwenyewe, nimesimama nyuma ya mlango. Nilimeza, nikaonja tena, na mpaka leo siwezi kusema kama nilipenda.

Siku ya nne hatukwenda baharini. Njiani kurudi bwana hakuzungumzia jambo hilo, na baada ya hapo pia hakulizungumzia, ingawa mwezi uliofuata aliniongezea siku mbili za likizo bila kueleza sababu. Sikuuliza kama ni shukrani au ni kitu kingine.

Siku hizo mbili nilikwenda kwa mama yangu, karibu na Kaplong. Nilimsimulia yote. Alisikiliza akisugua kibuyu cha maziwa, kisha akauliza kama samaki yule alikuwa amemkosea bwana. Nikasema hapana. Akauliza kama tulikuwa na njaa. Nikasema hapana. Akaendelea kusugua.

Nilikuwa nimemletea chupa ya maji ya bahari, ili aamini kwamba yana chumvi. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akayamimina juu ya jiwe bapa pale uani. Ng'ombe wake mmoja akaja akalilamba, akaondoka, akarudi tena kulilamba. Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza ni siku ngapi kwa miguu, pamoja na ng'ombe, kufika huko baharini.