Nilivyomruka Kaka Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai hainipiti kooni. Nakusimulia kwa sababu nasikia umepeleka barua ya posa Vwawa na kaka yako hana habari.

Nilikuwa kijana hapa Igamba, nguvu tele, akili haba. Kaka yangu Yohana alikuwa hajaoa. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na wasichana wa siku zile, Mungu awasamehe, walimpita tu. Kwetu mdogo haoi kabla ya mkubwa wake mpaka amwendee na blanketi, apige magoti, aombe ruhusa. Mimi nikaona ya nini yote hayo? Mkubwa ni jalala, atavumilia. Nikaposa Ihanda kimyakimya, mahari ikapokelewa.

Shangazi alinifuata shambani, nachuma kahawa. "Umemruka kaka yako," akasema.

Nikacheka. Kuruka nilikokujua mimi ni kuruka mtaro, au ndege kuruka angani.

"Mtoto akiruka miguu ya mtu aliyekaa, tunamwambiaje?"

"Arudi, aruke tena."

"Basi neno limetoka hapo, kwenye miguu ya watu. Wewe utarudije? Utamwacha binti wa watu?"

Nilitupa kikapu nikakimbia nyumbani. Yohana alikuwa anafunga mzigo wake. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Ungeniambia tu, mdogo wangu," akasema, "ningeinama ukapita."

Akaenda Tunduma, akavuka mpaka, akawa fundi viatu Nakonde. Ni karibu, mwanangu, asubuhi unaenda jioni umerudi. Sikwenda. Aibu ilinishika, kisha mavuno, kisha watoto, miaka ikapita. Nilipofika na blanketi langu, nilimkuta maiti, ameshaoshwa. Nililia mbele za watu kama mtoto.

Maji yakishamwagika hayazoleki. Yako bado yamo mtungini. Hakuna anayekukataza kuoa, wala kumtangulia mkubwa wako kwa hatua zako. Lakini usimpite bila kumsemesha. Usitume ujumbe wa simu, nenda mwenyewe, piga magoti, hata akikuweka hapo mpaka yaume.

Nenda, mwanangu. Mungu aijalie nyumba yako watoto watakaopakatwa na baba yao mkubwa. Wangu walimwona jenezani.