Maji ya Tarumbeta

Mwezi huu ukumbi wa mji hapa Songea una muziki kila Jumamosi, mara jazi, mara fidla na kinanda. Juzi mpiga tarumbeta aliliinamisha tarumbeta lake, matone yakadondoka sakafuni. Nikakumbuka nilipokuwa mtoto.

Baba mdogo alipiga tarumbeta kwenye bendi ya parokia. Alasiri moja alikuwa akifanya mazoezi uani kwa bibi, nikamwona akimwaga maji vivyo hivyo. Upepo ulileta harufu ya pombe ya komoni iliyokuwa ikichachuka kwa jirani. Nikakimbilia jikoni.

“Bibi, baba mdogo anaficha pombe kwenye tarumbeta!”

Baba mdogo alikuwa ameapa mbele ya padri kwamba ameacha kunywa. Bibi alitoka na mwiko mkononi, unga ukimdondoka.

“Mama, ni pumzi tu hii, inageuka maji,” baba mdogo alisema huku akicheka. Alipoona bibi hacheki, alilifuta tarumbeta kwa shati lake, akalirudisha parokiani. Sikumsikia akipiga tena.

Juzi pale ukumbini binti yangu alininong'oneza, “Mama, anamwaga nini?”

“Pumzi yake,” nikamjibu, nikatazama pembeni.