Kaburi la Babu Ndani ya Hifadhi

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa Tumbi kutembelea msitu wa hifadhi, kule vilimani Kisarawe. Mwongozaji alitueleza habari za ndege na vipepeo, kisha akasema humu hamjawahi kuishi mtu. Tangu hapo, rafiki yangu, sikutulia. Wanafunzi walitazama juu matawini, mimi nikawa natazama chini.

Maana nyumba ya bibi ilikuwa humo. Kila likizo mama alinipeleka, na msimu wa matunda ya mabungo vidole vyangu vilikaa na rangi ya njano mpaka shule zifunguliwe. Asubuhi nilichota maji bondeni, mchana tulikula mihogo ya kuchemsha na kisamvu cha nazi. Bibi alikuwa akisema kuni za msitu ule hazina moshi. Nilimwamini, ingawa macho yaliniwasha.

Mwaka mmoja mpaka wa hifadhi ukasogezwa. Watu wakahamishwa, bibi akaja kukaa nasi Tumbi, kaburi la babu likabaki ndani. Hakuzoea. Alizunguka uani, akaketi, akainuka tena. Alfajiri tulimkuta kajitanda khanga, tayari kwa safari ambayo hakuna aliyempangia.

Siku moja hakuonekana. Mama alinishika mkono tukaenda moja kwa moja Kisarawe. Tulimkuta bibi anapalilia kaburi, bwana misitu kasimama kando, kofia mkononi. Tulidhani amemkamata. Kumbe jembe lilikuwa la bwana huyo, amemwazima bibi.

"Mama, twende nyumbani," mama akasema.

"Tangulieni," bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Nimalizie upande wa miguu yake."

Tukamngoja. Tangu hapo, kila ulipokaribia mfungo, bwana misitu yule alituruhusu kuingia kupalilia, mpaka yeye akahamishwa, bibi naye akaishiwa nguvu za miguu.

Juzi nilijitenga na kundi, nikatafuta. Sikuona kaburi wala njia ya bondeni. Msitu umestawi kweli, na ndicho kilichotakiwa. Binti mmoja akanifuata, akaniuliza mwalimu nimepoteza nini. Nikamwambia hapa palikuwa na watu.

"Sasa wako wapi?"

Nikamrudisha kwenye kundi. Bibi tulimzika Tumbi, mbali na babu, na mpaka leo sijui kama tulifanya sawa.