Mashine Mbili na Kiti cha Mama Fungu

Fundi Saa hana haraka na kitu chochote duniani isipokuwa mashine mpya. Mtu huyu anaweza kukaa nusu siku ameinamia gurudumu dogo kuliko punje ya mtama bila hata kukohoa. Lakini mpe mashine asiyoijua, atageuka mtoto aliyeahidiwa safari. Chai inapoa mbele yake, viatu anavivaa kushoto kulia, na anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mkewe, mwalimu wa hesabu, aliijua hali hiyo tangu enzi za uchumba, na dawa yake ni moja tu: kumwacha ajichokee mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi Fundi aliingia jikoni amekumbatia sanduku, macho yakimng'aa.

"Mke wangu, tumepona," akasema.

"Kwani tulikuwa tunaumwa nini?"

Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kukamua juisi. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia ilipokataa kuwaka, na Fundi aliihangaikia kibandani siku nne. Alivitandaza vipande vyake juu ya kitambaa cheupe, kimoja baada ya kingine, kama anavyofanya na saa, ili kila kitu kirudi mahali pake. Sasa ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Lakini furaha yake haikuwa ya mashine peke yake. Alikuwa anamfikiria mama yake.

Mama yake watu wote humwita Mama Fungu. Miaka arobaini aliuza mboga za majani sokoni, meza ya tatu ukiingia kwa lango la nyuma, na jina hilo alilipata kwa sababu fungu lake lilikuwa fungu kweli, si yale majani sita yaliyotanuliwa ili kumghilibu mpita njia. Alikuwa akichukua jani, akilikunja karibu na sikio, na lisipolia halipandi mezani. Majani ndiyo yaliyomlea Fundi, ndiyo yaliyomlipia hadi ufundi, na haikupita siku mama huyo akakaa kula bila bakuli la kijani mbele yake.

Mwezi mmoja nyuma daktari wa meno alimng'oa meno ya chini, ambayo ndiyo pekee yaliyokuwa yamebaki. Ya bandia yangewekwa fizi zikishapona. Hilo Mama Fungu alilipokea bila neno. Balaa lilikuja wiki iliyofuata, walipotembelewa na walimu wanaofundisha na mkwewe. Mama akiwa anahangaika na spinachi, jani moja likamponyoka, likaning'inia kidevuni. Mgeni mmoja akatabasamu. Labda alikuwa na yake aliyoyakumbuka, nani ajuaye, lakini Mama Fungu aliweka kijiko chini, akainuka, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo alikula humo humo, mlango umefungwa: viazi vya kuponda na uji, kesho uji na viazi vya kuponda. Kiti chake mezani kikabaki kitupu. Fundi alikuwa akila huku anasikiliza kijiko kikigonga bakuli nyuma ya mlango.

Kubembeleza alishabembeleza. "Niache, mwanangu," mama alimjibu. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nimechutama huku."

Ndipo Fundi akapata wazo: kama majani hayatafuniki, basi yanyweke. Yakinyweka, mama atatoka. Alimweleza mkewe yote hayo kwa pumzi moja.

"Wazo zuri," mkewe akasema. "Mashine ndiyo siyo." Akainua mkono, akashusha blenda yake kutoka rafu ya juu. "Hiyo yako inakupa maji ya kijani na jani lenyewe inalitupa. Mama akiona ndoo ya makapi atalia. Yangu haitupi kitu. Kinachoingia ndicho kinachotoka."

"Yako inatoa tope. Mama hawezi kutafuna, wewe unamletea glasi ya kutafuna. Yangu inachuja, inashuka laini."

"Inashuka kiasi gani?"

"Utaona."

"Nitaona. Mafungu matatu kwako, matatu kwangu, na mama ndiye hakimu."

Fundi alikuwa amenunua mafungu saba, maana akifurahi hajui kuhesabu. Akaenda kugonga mlango wa chumba, akaeleza mashindano. Mama akasema nyuma ya mlango, "Nitasikiliza kutoka huku huku." Fundi alirudi jikoni karibu akimbie. Tangu siku ya kuchutama jibu la mlango ule lilikuwa "sitaki" tu, na leo amepewa maneno manne.

Alianza yeye. Alinawa mikono, akavaa kioo chake cha jicho, na kwa kibano kile kile cha kushikia sindano za saa akachukua jani moja la spinachi, akalidondosha mdomoni mwa mashine. Mashine ikanguruma. Akachukua la pili. Akangoja. La tatu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe akamwambia.

"Mwenda pole hajikwai."

Hakujikwaa, lakini pia hakufika. Baada ya dakika ishirini na mafungu matatu, kikombe hakikufika hata nusu. Jani moja moja, jepesi vile, lilikuwa likirushwa na kisahani kinachozunguka ndani ya mashine na kutua kwenye makapi likiwa bado bichi. Fundi aliyashika makapi, akayaminya, na maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Masikio yakamwaka moto.

"Nusu kikombe," mwalimu wa hesabu alisema kwa upole, jambo lililoumiza zaidi.

Yeye akaja na karatasi. Alikuwa amekwishapiga hesabu ya majani kwa maji, na hesabu ilikuwa sahihi. Alichosahau ni kwamba spinachi haijasoma. Alishindilia mafungu matatu yote kwa mkupuo, mabua na majani, maji akamalizia juu, akabonyeza. Blenda ikaguna. Visu vilizunguka chini kwenye shimo la hewa, na juu majani yakakaa kimya kana kwamba hayahusiki. Akakoroga kwa mwiko, akabonyeza, akaongeza maji, akakoroga tena. Nyuzi za mabua zikajisokota kwenye visu hadi harufu ya mpira kuungua ikaanza kusikika. Hatimaye kitu kikatoka. Kilitoka chote kwa pamoja, kikatua kwenye glasi na povu juu.

Fundi akaonja. Taya zake zikawa zinakwenda.

"Unatafuna," mkewe akasema.

"Sitafuni. Nafikiri."

Mkewe akaonja naye, akafikiri kwa muda mrefu. Kisha wote wawili wakaangua kicheko, wakashikilia meza. Ni katikati ya kicheko hicho mlango wa chumba ulipofunguka.

Mama Fungu alisimama kizingitini, kiganja kikiwa kimefunika mdomo. "Mnaua mboga," akasema nyuma ya vidole. "Nimevumilia, nimeshindwa. Ile ya kwanza ilikuwa inalia njaa. Hii ya pili ilikuwa inakabwa. Hamsikii?"

Alifika mezani, akaliona fungu la saba, akalichukua kwa mkono mmoja. Akataka kukunja jani, na jani halikunjwi kwa mkono mmoja. Basi mkono wa pili ukaacha mdomo. Fundi aliliona hilo. Akaogopa hata kuvuta pumzi, asije akamkumbusha.

Jani likalia, kwa mbali.

"La juzi," mama akasema. "Ulinunua meza gani?"

"Ya kwanza, mama."

"Ya kwanza ni ya wavivu." Tayari vidole vyake vilikuwa vinanyofoa mabua, vikiyatenga huku, majani kule. "Haya, mabua ni magumu, mpe huyu mwenye nguvu. Na lile tango lililo kapuni pia. Usimdondoshee kama dawa ya macho. Mjaze, msindikize."

Fundi akajaza, akasindikiza kwa kigingi cha kusukumia cha mashine, na safari hii juisi ilitiririka kwa mfululizo hadi akaita, "Mama, tazama, tazama." Majani machache aliyoitengea mashine ile mama aliyakunja pamoja, yakakaza kama msokoto, vile alivyokuwa akiwakunjia wateja waliotaka kukatiwa nyembamba. Msokoto ukaingia, ukasagika, haukurushwa.

"Sasa huyo mwingine," akamgeukia mkwewe. "Maji kwanza, mwanangu, majani baadaye. Lakini maji ya bomba ya nini, wakati mnayo haya?" Akamimina ile juisi ya mabua ndani ya blenda, akaanza kutia majani, kidogo kidogo, kila yaliyotangulia yakishazama. Blenda haikuguna hata mara moja. "Mlikuwa mnashindanisha nini? Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mwalimu wa hesabu alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Zilijaa glasi tatu, kijani kizito, laini, bila uzi. Fundi alikunywa yake kwa mkupuo na akataka kucheza. Mkewe akanywa. Mama Fungu aliitazama glasi yake kwanza, kisha akainua, akanywa nusu, na alipoishusha alikuwa amefumba macho. Wiki tatu za viazi zilikuwa zinamtoka usoni.

Lakini povu likamkaa mdomoni, mstari mzima wa kijani, na tone moja likaanza kushuka kidevuni. Akalihisi. Mkono ukaruka juu kufunika, macho yakahamia kwa mkwewe, yakimngoja atabasamu.

Mkwewe hakutabasamu. Mwanamke huyu, ambaye hujitazama kwenye kioo hata akienda kutupa taka, alikuwa amesimama pale na masharubu ya kijani kutoka shavu hadi shavu. Alikuwa anajua. Dirisha lilikuwa mbele yake na alikuwa anajiona. Akanyanyua glasi, akanywa tena, akayaongeza.

Mkono wa Mama Fungu ulibaki hewani kidogo. Kisha ukashuka, ukachukua glasi. Akacheka, mdomo wazi, fizi zote nje, na Fundi akageukia sinki akajifanya anaosha kibano.

"Na makapi hayo msitupe," mama akasema. "Hayana cha kutafuna. Yatieni kwenye mayai."

Mchana mkewe alikaanga kimanda cha kijani, akaandaa sahani tatu bila kuuliza mtu. Mama Fungu alitoka chumbani, akafika kwenye kiti chake, akapitisha kidole juu ya egemeo.

"Kiti hiki kina vumbi," akasema. "Nyumba hii haina wa kupanguza?"

Fundi alitaka kusema neno. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Mama akapanguza kiti kwa upindo wa nguo yake, akakaa, akavuta sahani karibu.