Nilisema Sikujua

Katika miaka ya sabini nilisoma chuo cha ualimu Iringa. Bwenini, kitanda kilichopakana na changu kilikuwa cha msichana wa Rujewa, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Alikuwa mpole, na lafudhi yake tulizoea kuiiga ili tucheke. Mimi niliiiga kuliko wengine.

Baada ya mazoezi ya kufundisha alirudi amebadilika. Mkaguzi alikuwa amemsimamisha katikati ya somo, mbele ya watoto, akamwambia akakae nyuma. Akaacha kula. Kisha akaanza kugawa vitu vyake: ndoo, viatu, madaftari. Mimi alinipa kanga mpya, doti nzima.

"Chukua, dada. Mimi sitazihitaji."

"Kwani unaolewa?" nikamtania.

Hakucheka. "Hivi wewe, ukichoka mpaka hutaki hata kuamka, huwa unafanyaje?"

"Kengele ikigongwa naamka tu," nikamjibu, nikajifunga kanga moja, nikaenda zangu sokoni.

Siku ileile, aliyemwona akitoka ni mama mpishi wa chuo. Alikuwa akichambua maharage nje ya jiko, akamwona binti anapanda peke yake kuelekea kwenye majabali nyuma ya chuo, hana sweta, na baridi ile. Akaacha ungo, akamfuata. Baadaye alituambia kwamba hakuzunguka maneno. Alimwuliza wazi, "Mwanangu, unataka kufa?" Binti akasema ndiyo, kisha akalia sana. Wakakaa pale mpaka akakubali kushuka, na siku ile nzima mama hakumwacha peke yake.

Jumatatu mkuu wa chuo akaniita.

"Wewe unalala jirani naye. Aliwahi kukueleza lolote?"

Niliogopa wataniuliza kwa nini nilinyamaza, kisha wanifukuze.

"Hapana, mwalimu. Sikujua."

Walimu wakaandika kwamba hapakuwa na dalili yoyote, kwamba msichana alikuwa anakimbia mitihani tu. Wakamrudisha kwao. Alipopanda basi la Mbeya alinipungia mkono. Niliinamisha kichwa.

Mama mpishi hakunyamaza. Aliingia ofisini na aproni yake ya jikoni. "Mimi najua nani hali chakula," aliwaambia walimu. "Ninyi mnajua nini?" Alirudi tena na tena, mpaka wakakubali kila bweni liwe na mwalimu mlezi wa kusikiliza wanafunzi, na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Bwenini kwetu nikachaguliwa mimi, eti nina huruma. Sikukataa. Nilijifunza kuuliza wazi kama mama alivyouliza. Wasichana wawili waliwahi kunijibu ndiyo. Nilikaa nao, nikawapeleka kwa mama na kwa mlezi, na wote wawili walihitimu. Waliponishukuru nilitamani kujificha.

Nilipangiwa kufundisha Mbeya, karibu na Mwanjelwa. Likizo ya kwanza nikaenda Rujewa. Nilimkuta yule msichana kwenye ghala la mpunga, anafundisha watu wazima kusoma, herufi ameziandika ukutani kwa mkaa. Alinikaribisha vizuri, akanipakulia wali na maziwa. Tulipomaliza kula akaniuliza, "Kwa nini ulisema hukujua?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Mama mpishi alinitetea nibaki. Walimu walitaka kusikia kutoka kwako."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Kisha akarudi ndani kwa wanafunzi wake, nami nikabaki nje nikisikiliza wazee wakisoma kwa sauti, nisijue kama niage au nisubiri.