Karatasi Iliyonyamaza

Hadi leo nikifungua chupa ya siki jikoni, kabla hata sijaikaribia kachumbari, ninajikuta tena Nakuru, nina miaka tisa, nimesimama kwenye mlango wa studio ya Bwana Lobo. Dawa za picha zilinuka siki, na nyuma ya siki harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na nyuma yake tena vumbi, maana katika Nakuru ya miaka ya hamsini hakuna kitu ambacho hakikuwa na vumbi nyuma yake. Lilikuwa vumbi jeupe la ziwani. Kuanzia Januari lilipanda na upepo wa alasiri, likavuka reli, likaingia katika nyumba za wafanyakazi wa reli tulizoziita landi, likatua juu ya ugali. Mama alifuta meza mara tatu kwa siku na bado ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Mimi niliandika mara nyingi, na nikachapwa mara nyingi.

Msimu ninaousimulia ni wa vumbi hilo. Baba alikuwa amefariki mwezi wa kumi, kwa homa ya mapafu, baada ya juma moja tu la kulala. Alikuwa fundi katika shedi ya injini, mtu mpana aliyerudi jioni akinuka grisi na kuimba chini chini huku akinawa. Alizikwa Nakuru, kwa sababu barua ya kumfikia mama yake ilipitia misheni, na kutoka misheni ikasubiri mtu wa kuelekea kijijini, na ilipofika, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Kukhu, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, hakuwahi kumwona mwanawe akiwa amelazwa. Hakumtupia udongo. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo.

Alikuja Januari kwa treni, kutoka Butere, akiwa na kuku kwenye kikapu na furushi la wimbi. Wanawake wa landi wa kabila letu walikuwa wamekusanyika kwetu tayari kulia naye, wengine wamejifunga leso kiunoni kabisa. Kukhu akawasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za watoto wao, akaomba maji. Hakutoa chozi. Nilisikia wakinong'ona nyuma ya nyumba kwamba kikongwe ana roho ya jiwe, na mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana nao. Kesho yake tulimpeleka makaburini. Alisimama muda mrefu, akainama, akashika tonge la ardhi, akasema huu ni udongo tu, kisha akataka kurudi nyumbani. Usiku huo alimwambia mama sababu, kwa upole, kama mtu anayeeleza njia.

"Siwezi kumlilia mtu niliyeambiwa tu. Nionyesheni."

Tatizo lilikuwa macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunga jicho la kushoto zamani, na la kulia, alivyosema mwenyewe, lilikuwa linatazama kupitia moshi wa jikoni, na moshi ulizidi kila mwezi. Alijua litafunga. Alichotaka ni uso wa Makokha, mwanawe, uingie kabla mlango haujafungwa, ili ajue anamlilia nani.

Picha tulikuwa nayo. Baba alikuwa amepigwa mwaka mmoja kabla, katika studio ya Bwana Lobo, amevaa koti lake jeusi, kofia ya kazi ameiweka gotini. Ilitundikwa juu ya kitanda. Ilikuwa ya karatasi nyeupe inayong'aa, na mama alijivunia ule mng'ao kuliko kitu chochote katika chumba kile. Aliitoa ukutani, akaondoa kioo, akaipeleka kwenye mwanga, akamkabidhi. Kukhu akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza huku na huku. Kila alipoigeuza, mng'ao ulihama pamoja naye.

"Mmenipa dirisha," akasema.

Basi tukaenda studio, sisi watatu, Kukhu ameshika bega langu. Bwana Lobo alikuwa Mgoa mwembamba, kucha zake zimegeuka kahawia kwa dawa. Zilikuwa siku za hali ya hatari, kila mtu alihitaji picha ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho, na benchi lake halikukosa watu walionyooka wima wakiogopa hata kupepesa macho. Kukhu hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, na sioni haya kusema kwamba nilijiona mtu muhimu sana. Nilieleza yote. Bwana Lobo hakuniharakisha. Alimtazama Kukhu machoni, jicho moja kisha lingine, jinsi anavyotazama fundi wa saa.

"Mwambie nyanya, shida si picha," akasema. "Shida ni karatasi."

Mimi nilidhani karatasi ni karatasi. Alivuta droo akatoa bunda la vipande vitupu, visivyo na sura yoyote juu yake, akavipanga kwenye meza. Nilishangaa hadi nikasahau kutafsiri. Sikuwa nimejua kwamba weupe una watoto wengi hivyo. Kulikuwa na weupe wa shuka la hospitali, na weupe wa pembe ya ndovu, na mwingine wa rangi ya malai inayotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Kulikuwa na karatasi yenye ubuluu wa mbali, na nyingine ya waridi hafifu, rangi ya ziwa letu pale ndege wa heroe wanapotua. Nyingine ziling'aa, nyingine zilikuwa butu, na moja ilikuwa na nyuzinyuzi kama kitambaa cha kanzu. Akaniambia nisidhani ni weupe wa karatasi tu unaobadilika, hata weusi wa picha hubadilika, kila karatasi na wake. Upo weusi wa makaa, akasema, na upo weusi wa kahawa. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na bado sijasikia mtu akinieleza jambo lililonifungua macho zaidi ya hilo.

Alimkalisha Kukhu kando ya mlango, mwanga ukimjia ubavuni, akaanza kumwekea vipande mapajani, kimoja kimoja. Hakumwuliza ipi ni nzuri. Alimwuliza ipi haimuumizi. Ile nyeupe ya kung'aa ilimfanya ageuze uso. Ya buluu, alisema, ni asubuhi yenye ukungu, hawezi kumtafuta mtu humo. Ya waridi aliishika kidogo akacheka, akasema hiyo wampe bibi harusi. Watu wa benchi walikuwa wameacha kuogopa kamera wakawa wanatutazama sisi. Kisha akawekewa ile ya malai, butu, isiyorudisha mwanga. Mikono yake ikatulia. Akaipapasa kwa kiganja, akaiinamia, jicho lake likakaa pale bila kukimbia.

"Hii imenyamaza," akasema.

Nilipotafsiri, Bwana Lobo alivua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. Alimwambia mama kwamba wazungu wa mashamba ya Njoro huichagua hiyo hiyo kwa picha za harusi, kwa kuwa ni ya fahari, lakini hajawahi kuona mtu akiichagua kwa sababu ya kuona. Akaenda kutafuta negativu ya baba, ile filamu ambamo cheusi huonekana cheupe, akaipata katika bahasha yake. Karatasi za aina ile zilikuwa zimebaki nne tu.

Kukhu akakataa kungoja nje. Ikiwa mtoto wake anatolewa mle ndani, alisema, na yeye atakuwa mle ndani. Ndivyo nilivyoingia chumba cha giza, nikiwa nimemshika mkono. Taa nyekundu ndogo ilifanya kila kitu kuwa cha rangi moja. Ile karatasi ya malai, ile ya buluu, vitambaa, mikono yetu, vyote sawa. Bwana Lobo alizitambua karatasi zake kwa kuzipapasa, na upande wenye dawa kwa kuugusa kwa mdomo uliolowa, maana hunata. Aliwasha mwanga juu ya karatasi kwa sekunde chache, akahesabu kwa Kigoa, akauzima, akaitumbukiza katika sinia la dawa na kuanza kulitikisa polepole.

Karatasi ilibaki tupu. Nikangoja. Ikabaki tupu. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba hii haina haraka kama ile nyeupe. Halafu kitu kikaanza katikati yake, doa ambalo sikuwa na hakika nalo, na doa likawa koti. Nywele nazo zilikuja, nadhani pamoja na koti, sikumbuki tena vizuri, nakumbuka tu kwamba hazikuwepo kisha zikawepo. Kukhu alinibinya mkono akaniuliza nini kinatokea. Katika mwanga ule yeye hakuona kitu. Nikamsimulia: koti limetoka, sasa nywele, sasa macho, macho yote mawili, sasa pua, sasa shavu linajaa. Baba yangu alikuwa anarudi kutoka ndani ya maji, na mtu aliyekuwa anamleta alikuwa analitikisa sinia kama mtu anayembembeleza mtoto. Nimeingia makanisa mengi baada ya siku ile, na nimekuwa nikitafuta ile hali humo.

Tuliambiwa turudi kesho, kwa sababu picha ikikauka huiva, huwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa majini, na kabla haijaiva huwezi kuihukumu. Kesho yake asubuhi Kukhu aliketi pale pale kando ya mlango. Bwana Lobo akaiweka mapajani mwake. Weusi wake ulikuwa wa kahawa kweli, na uso wa baba ulikuwa na joto ambalo ile ya ukutani haikuwahi kuwa nalo. Kukhu aliinama. Nilijua anaona, kwa sababu kidole chake kilifuata ukingo wa koti bila kukosea. Kilipanda shingoni, kikafika mdomoni, kikapanda hadi juu ya nyusi ya kulia, kikasimama. Kikarudi, kikatafuta tena.

"Ni kijana mzuri," akasema. "Lakini si wangu. Alama iko wapi?"

Nilitafsiri nikiwa simwelewi. Mama ndiye aliyeelewa, akaangalia sakafu. Bwana Lobo alichukua negativu, akaiinua dirishani, na uso wake ukabadilika. Baba alikuwa na kovu jeusi juu ya nyusi. Bwana Lobo alikuwa amelifuta, kwa ncha ya penseli kali, juu ya filamu yenyewe, kama alivyomfutia kila mteja chunusi na makunyanzi bila kuombwa. Alisema alifikiri ni heshima. Mama akakiri kwamba aligundua tangu mwanzo kuwa limefutwa na akafurahi, kwa kuwa picha za wakubwa zote zina nyuso laini.

Mimi nilikuwa na langu, na sikulisema. Kovu lile nililigusa kila siku ya maisha yangu, nikipakatwa. Na miezi mitatu ya kuitazama picha ya ukutani ilikuwa imenitosha kulisahau. Kama si Kukhu kuuliza, ningekua na baba asiyekuwa na alama, na nisingejua kwamba nimempoteza mara ya pili. Niliogopa sana. Bado huogopa nikikumbuka.

"Niliiweka mimi," Kukhu akatuambia. "Alikuwa ananyonya, nikasinzia karibu na moto, kaa likaruka. Sijawahi kumwambia mtu."

Bwana Lobo aliwaomba watu wa benchi wamvumilie. Alilowesha pamba kwa tapentaini akaifuta filamu, kidogo kidogo, hadi penseli yote ikatoka. Safari hii alichapa mbili, za karatasi ile ile, akabakiwa na moja. Alizikausha mwenyewe kwa subira, na sisi tukakaa pale hadi alasiri, vumbi likiingia na kutoka. Alipomwekea Kukhu picha ile, kidole chake hakikuanza na koti. Kilikwenda moja kwa moja juu ya nyusi, kikatua.

Kilio chake kilisikika hadi stesheni, naapa. Alimwita Makokha kwa majina yote aliyowahi kumpa, hata yale ya uchanga. Mama akajiunga naye, nami pia, na wanaume wa benchi, ambao hawakujua hata neno moja la lugha yetu, wakasimama wakavua kofia. Bwana Lobo alizima taa za kamera akakaa kwenye ngazi mgongo wake ukitutazama. Kukhu alirudi Butere juma lile na picha moja kifuani. Jicho lake lilifunga kabla ya mvua.

Sasa mimi ni nyanya wa watu, naishi mtaa wa Section 58, hapa hapa Nakuru, na mjukuu wangu hunipiga picha kwa simu kila Jumapili. Simu yake inafuta makunyanzi yenyewe, bila penseli, bila kuombwa. Juzi alinionyesha mwanamke mmoja laini ajabu, nikamwuliza huyu ni nani. Akacheka, akabonyeza mahali, makunyanzi yangu yakarudi yote kwa mara moja. Sikumlaumu. Nilimwambia tu ile ya pili ndiyo aiweke.

Daktari ananiambia macho yangu nayo yameanza kufunga, na nimepangiwa siku ya kupasuliwa, jambo ambalo Kukhu hakulipata. Picha zote mbili za baba ziko ukutani kwangu. Alasiri jua likiingia, ile nyeupe ya kung'aa inanionyesha dirisha tu. Naisogelea ile nyingine, iliyonyamaza, na humo bado namwona, na alama ya mama yake juu ya nyusi.