Tonge la Mkono wa Kulia

Mama alipopatwa na kiharusi kule Salale, akaletwa kwa boti na kisha kwa gari hadi kituo cha afya cha Kibiti ninakofanya kazi, nilikatazwa kumhudumia. Wodini kwetu muuguzi hamhudumii mzazi wake. Alipangiwa mwenzangu niliyesoma naye chuoni, ambaye katika somo la nadharia za uuguzi sikumbuki kama aliwahi kunipita.

Nadharia moja niliipenda kuliko zote: muuguzi atende lile tu ambalo mgonjwa hawezi, na ajiondoe kadiri nguvu zinavyorejea. Lakini mkono wa mama uliolegea ulikuwa wa kulia, na kwetu mkono wa kushoto haupeleki chakula kinywani. Mwenzangu alipompa kijiko akishike kwa kushoto, mama aligeukia ukutani.

"Bora nilale na njaa."

Kulisha ni kazi ya ndugu, na ndugu nilikuwa mimi. Nikamlisha asubuhi na jioni, kwa furaha ambayo sikujaribu kuificha. Nyumbani kwangu Mtawanya nilikwisha kumtengea chumba. Miaka yote nilimsihi ahamie kwangu akakataa; sasa angekataaje?

Mchana mmoja niliwasikia wakicheka kabla sijaingia. Walizungumza Kindengereko, lugha ambayo mimi, niliyepelekwa shule ya bweni ningali mdogo, naishika nusunusu. Mama alikuwa ameketi, sahani ya wali na kamba mapajani. Mkono wake wa kushoto ulikishika kifundo cha ule wa kulia na kuunyanyua taratibu. Vidole vilivyolegea ndivyo vilivyomega tonge. Wa kushoto haukugusa hata punje.

Nikawahi na kijiko.

"Mwache, dada," alisema mwenzangu, mikono yake ameifunga nyuma. "Wali ukimwagika nitafagia mimi."

"Huyu atanilisha mpaka nisahau kama nina meno," mama akamwambia.

"Si mapenzi hayo, bi mkubwa?"

"Mapenzi, ndiyo. Ila yananichosha."

Wakacheka tena. Niliona wivu. Nadharia ile nilimfafanulia mimi, bwenini chuoni, alipokuwa haielewi; naye ameichukua akaitumia kwa mama yangu, akaniacha na kijiko mkononi.

"Nikiruhusiwa narudi Salale," mama akasema. "Nyumba haikai bila mtu."

"Nani atakulisha huko?" nikamuuliza.

Alimega tonge, akaunyanyua ule mkono uliolegea, akamwelekezea mwenzangu.

"Onja, mwanangu."

Mwenzangu akainama, akalipokea kwa kinywa. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilisimama upande wa pili wa kitanda nikingoja tonge la pili. Mama akalila mwenyewe.